Vyuo vya Marekani na wanariadha wetu (2): Barua ipitiwe kabla ya kutumwa

Wiki iliyopita tulieleza jinsi makocha wa vyuo vya Marekani wanavyosaka wakimbiaji Afrika Mashariki. Tuliwataja Henry Rono, Mkenya aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State University, na Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyesoma El Paso, Texas, akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Leo tuitazame karatasi inayofungua mlango wa vyuo hivyo: barua rasmi ya chuo ya kumwalika mwanariadha na kumtajia ufadhili.

Kocha huandika barua nyingi kila msimu. Mzazi wa Iten au Mbulu hupokea moja tu. Ataipeleka kwa mwalimu mkuu, ataitolea nakala, ataionyesha kwa ndugu wanaochangia nauli, na pengine atauza ng’ombe kwa kuitegemea. Kila anayeisoma ataiamini kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo nasema bila kumumunya maneno: kuipitia barua neno kwa neno kabla haijatumwa ni sehemu ya uaminifu wa chuo. Kazi hiyo isiachiwe karani aifanye akipata nafasi.

Jina la mtu

Barua nyingi huandaliwa kwa kiolezo kimoja, na kompyuta hujaza majina, mchezo na viwango kutoka kwenye orodha. Orodha ikisogea mstari mmoja, mkimbiaji wa kuruka viunzi na maji atasifiwa kwa kutupa tufe, na kila aliye chini yake atapokea sifa za jirani yake.

Programu ya kusahihisha tahajia haisaidii hapa. Kwa kuwa haiyajui majina yetu, huyapigia yote mstari mwekundu, yaliyo sahihi na yaliyokosewa. Baada ya majina kumi, jicho la mwandishi huizoea ile rangi na kupita tu. Hapo ndipo Kibet anapogeuka Chebet, au Kipkorir anapogeuka Jepkorir, na kijana wa kiume akajikuta amealikwa kwenye timu ya wanawake. Jina likishakosewa kwenye barua, kosa huweza kuhamia hadi kwenye fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi ili aombe viza ya F-1. Fomu hiyo hutakiwa kulingana na pasipoti. Dawa ni moja: anayehakiki aweke nakala ya pasipoti kando ya barua na kulinganisha herufi kwa herufi.

Tarehe na fedha

Mmarekani huandika mwezi kwanza. Akiandika kwamba jibu lirudi kabla ya 06/09, amekusudia tarehe 9 Juni. Msomaji wa Arusha ataona 6 Septemba, atatulia, na nafasi itapewa mwingine. Mwezi ukiandikwa kwa neno, shaka yote huisha.

Kwenye fedha hatari ni kubwa zaidi. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, ziliruhusu timu ya riadha ya wanaume ya Division I, yaani daraja la juu, ufadhili kamili 12.6 tu. Kocha aliugawa vipande vipande ili utoshe wakimbiaji wake wote. Tangu usuluhishi wa kesi dhidi ya NCAA uliothibitishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyoukubali havina tena kikomo hicho, bali vina kikomo cha idadi ya wachezaji. Hata hivyo ufadhili wa sehemu bado ni jambo la kawaida. Basi “asilimia 50” ni ya nini? Ya ada peke yake, au ya ada, malazi, chakula na vitabu? “Dola 20,000” si sawa na “hadi dola 20,000”. Na “kwa mwaka mmoja wa masomo” si sawa na “kwa miaka minne”. Neno moja likidondoka hapo, familia itajikuta na deni isilolitarajia.

Kiolezo cha zamani

Kanuni hubadilika, violezo hubaki. Tangu mwaka 1964 wanariadha walikuwa wakitia saini hati ya kitaifa ya kujifunga na chuo. NCAA iliifuta Oktoba 2024. Barua inayomwambia kijana leo aisubiri hati hiyo inamsubirisha kitu ambacho hakipo. Vilevile vyuo vya Division III, yaani daraja la tatu, haviruhusiwi kutoa fedha kwa sababu ya michezo. Barua ya chuo cha aina hiyo ikiahidi ufadhili wa riadha, ama imekosewa ama ni ya kughushi.

Hapo tunafika kwenye sababu iliyo nzito kuliko zote. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliingia barabarani Eldoret kudai fedha walizolipia mpango wa masomo ya Finland na Canada. Familia zilizoumwa hivyo zinahitaji njia ya kutambua karatasi ya kweli. Ikiwa barua halali za vyuo zinakuja na majina yaliyokosewa, hesabu zisizooana na maneno yaliyorukwa, mzazi atamtambuaje tapeli? Chuo kinachotuma barua safi kinamlinda hata mtoto ambaye hakitamsajili.

Namna ya kuipitia

Aliyeandika asiwe msahihishaji wa mwisho, kwa kuwa jicho lake husoma alichokusudia. Barua ichapwe, msaidizi mmoja aisome kwa sauti, mwingine afuatilie kwenye kumbukumbu za mwanariadha. Majina na tarakimu vipitiwe peke yake, mara ya pili. Kisha afisa wa kanuni aikague, na ofisi ya misaada ya fedha ithibitishe kiasi, maana kauli ya mwisho kuhusu fedha ni ya ofisi hiyo wala si ya kocha.

Nanyi wazazi, walimu na makocha wa huku, msione haya kuirudisha barua. Kabla ya kijana kutia saini, mwandikieni kocha na muulize kwa maandishi: jina ni kama la pasipoti? Fedha ni kiasi gani, kwa gharama zipi, kwa miaka mingapi? Mwisho wa kujibu ni tarehe gani ya mwezi gani? Chuo makini kitawajibu na kutuma barua iliyosahihishwa. Kisichotaka kujibu hakistahili kupewa mtoto wenu.

*Wiki ijayo: masomo 16 ya msingi ambayo NCAA huyadai kabla ya mwanariadha kushindania chuo chake.*