Nguluvi wa Iringa, Kyala wa Mbeya: mtoto akikuuliza nani aliumba dunia

Tulikuwa tumeshaipita Makambako. Basi limetulia barabarani, abiria wengi wamesinzia. Binti yangu wa miaka minane alikuwa dirishani anahesabu malori, mara akanigeukia.

"Mama, Nguluvi aliumba Iringa, halafu Kyala ndiye aliumba Mbeya?"

Mzee wa kiti cha nyuma alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilijua swali limetoka wapi. Kwa wazazi wangu, upande wa Iringa, babu yake huanza sala ya jioni kwa kumtaja Nguluvi, kwa Kihehe chake. Tukifika Tukuyu kwa wakwe zangu, bibi huombea chakula kwa Kinyakyusa, na anayetajwa hapo ni Kyala. Shuleni na kanisani ni Mungu. Kwa akili ya mtoto, majina matatu ni watu watatu, na kila mmoja ana eneo lake kama wakuu wa mikoa.

Nikamwambia ni Mungu mmoja huyohuyo, hebu lala. Hakulala.

"Sasa mbona hana jina moja?"

Mzazi mwenzangu, ukifika hapo unaweza kumkemea mtoto, unaweza kumpa biskuti, au unaweza kukiri kwamba wewe mwenyewe hujawahi kufikiria. Mimi nilitoa biskuti. Lakini swali lilinikaa, na niliporudi nyumbani nilianza kuuliza na kusoma.

Kumbe hata hili jina Mungu tunaloliona la kila mtu lina ndugu zake. Ni la ukoo mmoja na Mulungu, jina linalotajwa na makabila mengi ya Kibantu kuanzia Malawi hadi huku kwetu. Nguluvi nalo si la Wahehe peke yao. Wabena wanalo, na Wakinga wa Makete husema Nguluve. Hakuna aliyewapangia. Majina hayo yalikuwepo kabla ya kanisa la kwanza kujengwa katika nyanda hizi.

Habari ya Kyala ndiyo yenye utamu. Mwaka 1891 wamisionari Wamoravian walifika Rungwe, na mwaka huohuo wale wa Berlin nao wakaingia Unyakyusa. Ilibidi wapate jina la kumwita huyo Mungu waliyekuja kumhubiri, na jina lililoshika ni Kyala. Miaka ya 1930, Monica Wilson, mtafiti kutoka Afrika Kusini, aliishi na mumewe Godfrey miongoni mwa Wanyakyusa. Wazee walimweleza kwamba zamani Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale, na kwamba palikuwa na pango lake la matambiko kwenye Ziwa Nyasa. Kwa maelezo hayo, jina la shujaa wa mahali pamoja lilibebeshwa mzigo mkubwa kuliko wa mwanzo: Muumba wa Wanyakyusa na wasio Wanyakyusa, wa ziwa lao na wa bahari wasizoziona.

Nilipomsimulia mama mkwe habari hii, hakukubali hata kidogo. "Kyala alikuwepo," alisema. "Watu ndio tulichelewa kumjua vizuri." Nikaona hoja yake haiko mbali na wanachoamini Wakristo tangu mwanzo, na pengine ameisema vizuri kuliko vitabu nilivyosoma.

Kitabu cha Mwanzo, sura yake ya kwanza, hakimpi Mungu wilaya. Kinaanza na mbingu na nchi, yaani vyote. Angalia jambo moja ambalo watoto hulipenda: jua na mwezi havitajwi hata kwa majina yao, vinaitwa tu mianga, mkubwa na mdogo. Mataifa yaliyowazunguka Waisraeli yaliabudu jua na mwezi. Mwandishi wa Mwanzo anavishusha vikawa taa zilizotundikwa. Hicho ndicho kiini cha imani ya Kikristo juu ya uumbaji: kila kitu kina mwanzo, na aliyekianzisha si sehemu ya kitu hicho. Si mlima, si jua, si mzimu wa ukoo. Na hakukuta udongo ukimsubiri kama mfinyanzi, aliumba pasipokuwa na kitu.

Wakristo wanaongeza neno ambalo jirani zetu Waislamu hawalisemi, ingawa nao wanamkiri Muumba mmoja. Injili ya Yohana na waraka kwa Wakolosai zinafundisha kwamba vitu vyote viliumbwa kwa njia ya Kristo. Binti yangu ana rafiki Mwislamu wanayekaa dawati moja. Siku moja alirudi na swali la huyo rafiki: Yesu aliumbaje dunia wakati alikuwa bado hajazaliwa? Swali zuri sana, wala halina ubaya wowote. Nilimjibu hivi: kwa imani yetu, Yesu hakuanza kuwapo Bethlehemu. Bethlehemu alizaliwa kama mtu. Kabla ya hapo alikuwa Neno la Mungu, na Mungu aliumba kwa kusema. Alitafakari kidogo, akasema atamwambia. Kama rafiki alikubali au hakukubali sijui, ila bado wanagawana maandazi.

Kwa mdogo, basi, mambo yalienda. Mkubwa ndiye aliyenitoa jasho.

Mawe ya Isimila

Mwanangu wa kiume alikuwa kidato cha kwanza mwaka huo. Somo la Historia sekondari limefundisha kwa miaka mingi mabadiliko ya binadamu na Zama za Mawe, na sisi wa Iringa tuna bahati ambayo wengine hawana: ukitoka mjini kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, upo Isimila. Ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Zamani palikuwa na ziwa dogo. Mwaka 1951 mtu aliyekuwa safarini kwenda Afrika Kusini aliokota hapo mawe yaliyochongwa, na mwaka 1957 na 1958 watafiti wakapachimba. Walikuta mashoka ya mkono mengi ajabu, na mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina isiyokuwepo tena duniani. Umri wa zana hizo unakadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi.

Walipelekwa na shule. Mwongozaji aliwaruhusu kushika jiwe moja. Alirudi nyumbani akanionyesha kwa mkono jinsi linavyokaa kiganjani, ncha mbele, mgongo unaegemea hapa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda darasa la kipaimara. Akauliza: kama watu walikuwa wakichonga mawe Isimila miaka hiyo yote, Adamu aliishi lini? Aliyekuwa akiwafundisha alimwambia mbele ya wenzake kwamba hayo ni maswali ya Shetani, akae chini.

Akakaa chini. Mimi sikujua. Nilichokiona ni kwamba saa ya sala ya jioni alianza kuwa na kazi nje: mara kuku, mara ndoo ya maji. Ilichukua miezi. Siku nilipombana aseme, alinieleza yote kwa sauti ya chini, halafu akamalizia: "Mama, wameniambia nichague. Mimi yale mawe nimeyashika."

Nilikasirika, sitaficha. Lakini nilijiuliza pia: angeniuliza mimi, ningemjibu nini? Ningesema dunia ina miaka 6,000, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyosikia utotoni.

Hiyo miaka 6,000, kwa taarifa yako, haijaandikwa popote katika Biblia. Ni hesabu za watu. Aliye maarufu zaidi kwa hesabu hiyo ni James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana wa Ireland, aliyejumlisha miaka ya wazee wa Agano la Kale na mwaka 1650 akatangaza kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi hodari, na kwa zana za wakati wake alifanya kazi ya kutosha. Ila hesabu ya Ussher ni ya Ussher.

Zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, Mwafrika mmoja alishakaa na Mwanzo huohuo akakuna kichwa. Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, aliona kwamba jua linatokea siku ya nne. Siku tatu za kwanza basi zilipimwa na nini? Akahitimisha kwamba siku hizo huenda si siku kama hizi zetu za asubuhi na jioni. Na alionya jambo linalofaa kubandikwa mlangoni mwa kila darasa la dini: Mkristo asiropoke kuhusu nyota, wanyama na mawe mbele ya wanaovijua, kwa kuwa wakimkuta amekosea hapo, hawatamwamini atakapowaambia habari ya ufufuo.

Mwanangu alipolisikia hilo aliuliza kama Augustino alikuwa mweusi. Hatujui rangi yake, nilimwambia, ila alizaliwa bara hili.

Makanisa yetu hayasemi sauti moja juu ya siku sita, na si vizuri kumficha mtoto jambo hilo. Katika Kanisa Katoliki, Papa Pius XII aliandika mwaka 1950 kwamba wataalamu wanaweza kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, mradi ikiriwe kwamba roho inatoka kwa Mungu. Mwaka 1996 Yohane Paulo II alisema nadharia ya mabadiliko ya viumbe imekuwa zaidi ya dhana tu. Na aliyependekeza kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka katika kitu kidogo mno, ndiyo ile habari ya mlipuko mkuu, alikuwa padre Mbelgiji, Georges Lemaître. Wengi hudhani ilitungwa na wapinga Mungu.

Waadventista wa Sabato wao wanashika siku sita za kawaida, na sababu yao haiko hewani: Sabato ni kumbukumbu ya siku ya saba, na ukizilegeza zile sita, ya saba itasimamia nini? Wapentekoste wengi nao wako hapo. Jirani yangu ni Msabato, na watoto wake wako shule moja na wangu. Nilimuuliza anafanyaje. Alisema huwaambia: sisi tunaamini hivi, na sababu ni hii. Kwenye mtihani andika ulichofundishwa. Swali likikusumbua, leta nyumbani. Hatukubaliani naye kuhusu umri wa dunia, lakini wanawe hawakimbilii bandani kwa kuku saa ya sala.

Tulikaa na mwanangu Jumapili moja mchana, baba yake akiwepo, tukamwambia mambo mawili. La kwanza, hakutenda dhambi kuuliza. La pili, kwamba Biblia inamwambia nani aliumba na kwa nini, na sisi tunaamini hilo kwa moyo wote. Kuhusu lini na kwa njia gani, mawe nayo yana la kusema, na wazazi wake hawayaogopi. Baba yake, ambaye si msemaji, aliongeza kwamba aliyeumba Isimila hawezi kuaibishwa na Isimila. Baada ya hapo akatoka kwenda kutazama mpira.

Sikusikia kelele za furaha. Alisema tu "sawa, mama." Lakini wiki hiyo kuku walijilisha wenyewe.

Daraja la Mungu

Desemba tulikwenda tena Tukuyu. Safari hii tulipita kulitazama Daraja la Mungu, kule Rungwe. Kama hujafika: ni mwamba uliojipinda juu ya mto Kiwira, maji yanapita chini yake, na mtu anaweza kuvuka juu kama daraja lililojengwa na mkandarasi. Hakuna nondo wala saruji.

Binti yangu alisoma kibao, akauliza bila kupoteza muda: "Mungu alilijenga lini?"

Kabla sijafungua mdomo, kaka yake alidakia. Akamweleza kwamba huku kulikuwa na volkano, kwamba Rungwe wanaouona wenyewe ni mlima wa volkano, kwamba mwamba ulioyeyuka ulitiririka ukapoa na kuganda juu, na mto ukatafuta njia yake chini. Alieleza vizuri, kwa mikono yote miwili. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, uso umeanza kunywea.

"Kwa hiyo si Mungu?"

Kijana alitazama maji. Alinyamaza muda mrefu kidogo.

"Sijasema hivyo," alisema.

"Sasa ni nani?"

"Ni Kyala. Nimekueleza tu alivyofanya."

"Na Nguluvi?"

"Huyohuyo!"

Wakaanza kubishana kama mawe yanaweza kuyeyuka kweli, na mdogo hakuwa tayari kukubali bila kuonyeshwa. Mvua ya Rungwe ilikuwa inakusanyika, na bibi yao alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza tumefika wapi, ndizi zinapoa.