Ovari na Moyo

Mwanamke anayetafuta mtoto hupimwa homoni, mirija na mji wa mimba. Akishajifungua, au akichoka kuhangaika, anaagana na kliniki. Naamini hapo ndipo moyo wake ungeanza kuangaliwa.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa wanawake zaidi ya 38,000 waliokwisha koma hedhi. Waliowahi kupata shida ya ugumba walikuwa na hatari ya kushindwa kwa moyo iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 16. Ilizidi hasa ile aina ambayo moyo husukuma damu vizuri lakini misuli yake imekakamaa, hivyo haulegei vya kutosha kujaa. Asilimia hiyo isimtishe mtu: wengi wao hawakupata ugonjwa huo.

Uhusiano huu unatoka wapi? Chanzo kinachoeleweka zaidi ni ile hali ya homoni ambayo ovari hujaa vifuko vidogo vya mayai yasiyokomaa. Kwa wengi wenye hali hii, mwili hauitikii insulini ipasavyo, kwa hiyo kongosho huizidisha. Insulini ikizidi huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na yai halipevuki. Hali hiyohiyo ya mwili kuikaidi insulini hupandisha sukari, huharibu uwiano wa mafuta kwenye damu na huchangia presha. Kwa hiyo hedhi inayopotea miezi mitatu au minne si habari ya uzazi peke yake. Ni habari ya mishipa ya damu pia, na inamfikia binti wa miaka 20, mapema kabisa.

Wapo pia ambao ovari zao huchoka kabla ya miaka 40. Hao hupoteza estrojeni mapema, homoni inayosaidia mishipa kubaki laini na kutanuka.

Lakini ugumba si ugonjwa mmoja. Katika nchi zetu wanawake wengi hukosa mimba kwa sababu mirija imezibwa na maambukizi ya zamani yasiyotibiwa, na kwao sioni haki ya kuwabebesha takwimu za Marekani zilivyo. Tena mara nyingi tatizo liko kwa mume, ingawa lawama humwangukia mke.

Ndiyo maana mwanamke anastahili kuambiwa chanzo chenyewe. Kama ni hiyo hali ya vifuko, mwongozo wa kimataifa wa 2023 unataka apimwe sukari mara inapogundulika, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na presha yake kila mwaka, awe amezaa au hajazaa.