Msalaba Juu ya Hema

Sogeeni karibu, wanangu. Leo siwasimulii kisa cha Sungura wala Fisi. Haya yalitokea kweli.

Mwaka 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Madaktari na wauguzi wakatoka Sweden kuja kuwatibu majeruhi. Walipiga mahema Melka Dida, kusini mwa Ethiopia, wakiwa na malori ya kubebea wagonjwa. Wakaweka bendera nyeupe zenye msalaba mwekundu, ili rubani aliye angani azione.

Mbona msalaba? Mwaka 1859, huko Solferino, Italia hiyohiyo, Henry Dunant wa Uswisi aliona maelfu ya majeruhi baada ya vita, wengi hawana hata wa kuwapa maji. Hakuweza kusahau. Mwaka 1864 mataifa yakakutana Geneva, yakaahidiana: askari aliyejeruhiwa atibiwe, awe wetu au wao, na anayemtibu au kumbeba asiguswe. Msalaba mwekundu ukawa alama ya ahadi hiyo. Nchi nyingine hutumia hilali nyekundu, na maana ni ileile. Gari lenye alama hiyo nalo lisipeleke wapiganaji vitani.

Italia ilikuwa imeahidi pia. Lakini tarehe 30 Desemba 1935 ndege zake zilifika Melka Dida, zikaangusha mabomu juu ya mahema yale. Wagonjwa wasioweza kukimbia waliuawa palepale walipolala. Msweden mmoja alikufa kwa majeraha, na daktari mkuu, Fride Hylander, akajeruhiwa.

Kitambaa hakizuii bomu, wanangu. Anayelizuia ni mtu, akikumbuka kwamba aliye chini ni mtu mwenziwe.

Tena gari la wagonjwa likipigwa, hawafi waliomo tu. Yuko mama mwenye uchungu wa uzazi, yuko mtoto anayevuja damu, wote wanangoja gari ambalo halitafika.

Mwaka 1949 mataifa yaliongeza ahadi nyingine, ya kuwalinda raia wasioshika silaha. Mwaka 2016 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani mashambulizi dhidi ya wagonjwa na wanaowatibu. Hata hivyo, Syria, Ukraine, Gaza na Sudan, magari ya wagonjwa yamepigwa.

Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Deni hili bado halijalipwa, na kesho mtalirithi ninyi. Anzeni kulilipa leo: mkisikia king'ora barabarani, pisheni. Ndani yumo mtu.