Kutu haifi kwa kupakwa rangi



Wiki tatu zilizopita muumini mmoja wa parokia yetu aliniomba nimsindikize gereji, maeneo ya Unga Limited hapa Arusha. Kwa kawaida watu huniita penye gari ili nilibariki. Huyu alitaka ushauri. Marehemu baba yake alimwachia gari la zamani, na alikuwa hajaamua kama alitengeneze au aliuze kama chuma chakavu. "Padri, mimi nikilitazama namwona mzee," aliniambia. "Siwezi kuamua peke yangu."

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, la milango miwili, boneti ndefu na mgongo ulioteremka. Vijana hawalijui, lakini wazee wakiliona husimama. Lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Baba yangu alikuwa akitusimulia jinsi alivyosimama kando ya barabara na nguo zake za sikukuu, akarudi nyumbani mwekundu kwa vumbi, na bibi akamgombeza.

Gari la muumini wetu lilikuwa jekundu, linang'aa. "Bodi ni nzima," alimwambia fundi. "Tatizo ni injini tu."

Fundi bodi ni mzee Mwislamu aliyenizidi miaka kama kumi na tano. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akalizunguka gari bila kusema neno. Akatoa mfukoni kipande cha sumaku, kilichotoka kwenye spika mbovu ya redio. Akakiweka juu ya boneti, kikang'ang'ania. Akakiweka kwenye mudigadi ya nyuma, kikaanguka chini. Akakiokota, akakijaribu chini ya mlango, pale unapokanyaga ukipanda. Kikaanguka tena.

"Hapa hakuna gari, Baba," aliniambia kwa upole. "Hapa kuna puti."

Waliwasha grainda. Rangi ilipotoka, chini yake ilitokea puti nene kama vidole viwili. Chini ya puti kulikuwa na kipande cha bati la paa, na nyuma ya bati gazeti lililokunjwa kuziba tundu. Chuma chenyewe kilikuwa kimekuwa unga wa kahawia. Walipoinua kapeti, sakafu ilikuwa imepakwa lami. Fundi aliigusa kwa bisibisi, ikapita hadi nje.

Alitueleza, na nilijifunza mengi. Chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo huvimba na kuinua rangi. Puti nayo si ukuta wa kuzuia maji. Ikipata ufa hunywa unyevu na kuushikilia kwenye chuma, gizani, mahali ambapo jua halifiki. Ndiyo maana gari lililofunikwa vibaya huoza haraka kuliko lililoachwa wazi na tundu lake. Zaidi ya hayo, gari la namna hii halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo mifupa yake. Sakafu ikioza, uti wa mgongo umeoza.

Muumini wetu alikaa juu ya tairi kuukuu akanyamaza. Baba yake alilipia kazi ile, akaambiwa gari limepona, akafa akiamini hivyo. Mwishowe akauliza kwa hasira, "Nani alifanya hivi?"

Mzee akajibu, "Fundi huyo kashaondoka. Kutu ndiyo imebaki. Tushughulike nayo."

Daudi na matabaka yake

Njiani kurudi nilimkumbuka mfalme Daudi. Sura ya 11 ya Kitabu cha Pili cha Samweli inasimulia jinsi alivyomchukua mke wa Uria. Aliposikia mwanamke ana mimba, hakutubu, bali alianza kupiga puti. Tabaka la kwanza: alimwita Uria kutoka vitani ili alale nyumbani kwake, mimba ionekane ni yake. Uria hakwenda. Tabaka la pili: akamlewesha. Bado hakwenda. Tabaka la tatu: akamwandikia Yoabu barua ya kumweka Uria mahali pa kufa, na barua hiyo akaibeba Uria mwenyewe. Kisha ikaja rangi ya juu: Daudi akamwoa mjane, na mbele ya watu akaonekana mfalme mwenye huruma.

Angalieni, ndugu zangu, kila tabaka lilikuwa baya kuliko kosa lililofunikwa. Alianza na uzinzi, akamaliza na mauaji.

Mungu akamtuma nabii Nathani. Nathani hakufika na nyundo. Alifika na hadithi ya maskini na mwanakondoo wake mmoja. Hadithi ile ndiyo ilikuwa sumaku. Daudi alipoisikia alikasirika, akahukumu, na hapo ikadhihirika mahali ambapo chuma hakipo.

Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 13, anawakemea manabii wanaouona ukuta dhaifu wakaupaka chokaa, huku wakiwaambia watu kuna amani wakati amani haipo. Mvua ikija, ukuta unaanguka pamoja na waliopaka. Maneno hayo yanatuhusu hasa sisi tuliopewa kazi ya kuwapatanisha watu. Kwa sababu hiyo sina budi kusema habari zangu mwenyewe.

Fundi wa puti nilikuwa mimi

Miaka iliyopita nilihudumu katika parokia moja kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ndugu wawili, watoto wa baba mmoja na mama mmoja, waligombania mpaka wa shamba la migomba na kahawa. Mdogo alidai kaka yake alihamisha masale ya mpaka usiku, baba yao alipokuwa mgonjwa. Mama yao, mjane, alikuja kwangu akilia. (Wameniruhusu niyasimulie haya bila majina, na hakuna hata moja nililolisikia katika maungamo.)

Ilikuwa Jumamosi, nina ndoa mbili za kufungisha. Niliwakalisha nusu saa. Niliwaambia damu ni nzito kuliko maji, niliwakumbusha baba yao, niliwapa neno kuhusu kusamehe saba mara sabini. Kesho yake, mwisho wa Misa, nikawaita mbele wakashikana mikono. Waumini walipiga makofi na vigelegele. Mimi niliona nimefanya kazi kubwa.

Sikuuliza swali moja tu: masale yalihamishwa au hayakuhamishwa? Sikupanda shambani kutazama. Niliogopa jibu, na nilikuwa na haraka.

Baada ya miaka sita mama yao alifariki. Nilikwenda mazikoni. Mdogo alisimama nje ya uzio, hakuingia katika boma la kaka yake hata kutupa udongo kaburini kwa mama. Watoto wao walikuwa hawajuani. Mama yule hakuwahi tena kuwaona wanawe wakila sahani moja. Makofi ya siku ile kanisani yalikuwa rangi nyekundu inayong'aa, na chini yake nilikuwa nimefungia unyevu.

Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima

Nilimuuliza mzee wa gereji kazi nzuri hufanywaje. Alisema kwanza ni kukata. Fundi mvivu hukata kile kilichotoboka tu. Fundi wa kweli hukata mpaka afike kwenye chuma kizima, hata kama tundu litakuwa kubwa mara tatu, kwa sababu ukichomelea juu ya kutu hakuna kinachoshika. Kisha hukata kipande kipya chenye unene uleule, na kuchomelea nukta kwa nukta, akisubiri chuma kipoe. Akikimbiza moto mahali pamoja, bati hujikunja. Baadaye husawazisha, hupaka praima, na ndipo puti huja, nyembamba kama karatasi. "Puti si mbaya, Baba," alisema. "Puti ni ya kulainisha. Si ya kujenga."

Mpendwa Mkristo, hebu linganisha na Sakramenti ya Kitubio tuliyofundishwa utotoni. Kutafuta dhambi moyoni ni kupitisha sumaku. Kujuta na kuungama ni kuondoa rangi na kukata hadi mahali pazima, bila kumwonyesha padri lile tundu dogo tu na kuficha lililo kubwa. Halafu kuna malipizi, ambayo wengi tunayachukulia kama sala tatu za kumalizia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba ondoleo huondoa dhambi, lakini haliponyi machafuko yote yaliyoletwa na dhambi. Aliyeiba anapaswa kurudisha, na aliyechafua jina la mwenzake analisafisha. Zakayo, katika Luka sura ya 19, hakuishia kumkaribisha Yesu mezani. Aliahidi kurudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Hicho ndicho kipande kipya chenye unene uleule.

Kushikana mikono, kukumbatiana, kula pamoja ni mambo mema. Lakini ni puti nyembamba, na mahali pake ni juu ya ukweli. Mama anapigwa na mume, nasi tunamwambia avumilie kwa ajili ya watoto: hiyo ni puti nene. Fedha za jumuiya zimepotea, tunasema tumwachie Mungu, na daftari halifunguliwi: puti. Kijana amerudi kutoka mjini ameharibikiwa, nasi tunatangaza anaendelea vizuri na masomo: puti.

Masale yaliporudi

Juma lililofuata nilipanda mlimani. Niliwapigia ndugu wale wote wawili, nikawaambia ukweli: "Nilikuja kuomba msamaha. Siku ile sikuwapatanisha, niliwafunika." Mdogo alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Padri, hilo neno nimelingoja."

Tulitembea mpaka wote tukiwa na wazee wawili wa ukoo. Kaka mtu alitangulia. Katikati ya shamba alisimama penye safu ya masale yaliyokwisha kuwa marefu. Akakaa kimya, halafu akasema, "Si hapa." Akapiga hatua nne kuelekea kwake, akachomeka fimbo. "Ni hapa."

Mdogo akauliza, "Mama alijua?"

"Alijua."

Hakuna aliyekumbatiana. Mdogo alilia, nasi tukamwacha alie. Wamekubaliana masale yapandwe upya pale penye fimbo kabla ya mvua. Kwa jirani zetu Wachaga, jani la sale ndilo hutumika pia kuombea msamaha. Mmea unaoonyesha mpaka wa haki ndio unaobeba ombi la amani. Wazee wetu walijua kwamba viwili hivyo havitengani. Jeraha bado liko wazi, na sitawaambia limepona. Nimejifunza kusubiri chuma kipoe.

Kabla hatujaagana gereji, mzee alituonyesha jambo moja zaidi. Chini ya milango ya gari kuna matundu madogo ya kutolea maji. Tope likiyaziba, mvua inayoingia haitoki, na kuoza huanzia ndani. "Yazibue mara kwa mara kwa waya," alisema. "Kazi ya dakika mbili." Kanisa linatupa waya huo: kuchunguza dhamiri kila jioni kabla ya kulala. Leo nimemwumiza nani? Nimeficha nini? Tope la siku moja hutoka kwa urahisi. La miaka kumi linahitaji grainda.

Ipo tofauti moja kubwa kati yetu na gari. Chuma kikiisha kabisa, fundi husalimu amri. Daudi alijua moyo wake umefika hapo. Katika Zaburi ya 51 hakumwomba Mungu apake rangi moyo wa zamani, bali aumbe ulio safi. Neno la Kiebrania lililotumika hapo, *bara*, ndilo lile la sura ya kwanza ya Mwanzo, Mungu alipoumba mbingu na nchi. Kwa hiyo asikate tamaa mtu ambaye sumaku imeanguka kila mahali ilipowekwa.

Muumini wetu ameamua gari litengenezwe, polepole, kadiri fedha zitakavyopatikana. Juzi alinitumia picha. Halina rangi, limejaa mabaka ya kijivu, sakafu imekatwa, ardhi inaonekana. Aliandika, "Padri, sasa linatisha kuliko mwanzo."

Nilimwonyesha mzee picha hiyo nilipopita gereji. Akatabasamu. "Mwambie sasa ndiyo linapona."