Amri ya "Kuua" Isiyoua

Mwenye kujifunza mfumo wa Unix, ulioanzishwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, hukutana mapema na amri iitwayo kill, ambayo kwa Kiingereza maana yake ni kuua. Mfasiri akiandika "ua", atakuwa amelifuata neno na kuipoteza maana. Kazi ya amri hiyo ni kupeleka ishara kwa mchakato, yaani programu iliyokwisha kuanza kutenda kazi. Kufa ni jibu mojawapo tu.

Kwanza mchakato sharti utafutwe. Amri ps huorodhesha michakato, kila mmoja na nambari yake. Pgrep huitafuta nambari kwa jina. Hapa yafaa tuwe na hadhari, kwani pgrep hutosheka na kipande cha jina: atafutaye sh huletewa pia bash na sshd. Si neno, maadamu anatafuta tu. Lakini pkill hulinganisha vivyo hivyo na kupeleka ishara papo hapo, na msimamizi wa mfumo aweza kuwakatia mawasiliano wenziwe waliounganishwa kutoka mbali.

Asipotaja ishara, kill hupeleka nambari 15. Hilo ni ombi: mchakato hupata nafasi ya kuhifadhi kazi yake, na waweza hata kulipuuza. Nambari 9 haipigi hodi. Mfumo huukatiza mchakato bila kuuarifu, na kisichohifadhiwa hupotea. Wengi huanza na 9, na naona jina la amri limechangia kosa hilo. Nambari 1 nayo asili yake ni kukatika kwa laini ya simu. Leo programu nyingi za huduma huipokea kama agizo la kusoma upya mipangilio yao. Kuua kuko wapi hapo?

Tena kuna mchakato uliokwisha kufa lakini mzazi wake hajapokea taarifa. Kiingereza huuita zombie, na baadhi yetu tungekimbilia "msukule". Sikubali. Msukule wa masimulizi yetu hutumikishwa, ilhali huu hautendi lolote. Umebaki jina tu katika orodha. Ni marehemu asiyeandikishwa. Kwake hata nambari 9 haifui dafu. Mzazi ndiye wa kukumbushwa, naye akitoweka, mchakato nambari 1 kwa kawaida humrithi yatima huyo na kulifuta jina lake.