Kizuri Sikiliza na Nduguyo

Wazee walisema, kizuri kula na nduguyo. Methali hii hutajwa sana penye chakula, lakini siku hizi yafaa itajwe pia juu ya mambo ya kusikiliza. Mwenye simu ya mkononi aweza kupata mazungumzo na nyimbo kutoka pembe zote za dunia, akampelekea rafiki yake kwa muda mfupi. La kufikiriwa ni hili: tupelekeane nini, na kwa namna gani?

Tutazame Nkoroi, karibu na Ongata Rongai, katika Kaunti ya Kajiado. Hapo zamani palikuwa malisho ya Wamaasai. Leo pamejengwa nyumba za watu wa makabila mengi, na wengi wao huenda kazini Nairobi kwa matatu. Karani aliyebanwa kitini katika msongamano wa magari hawezi kuandika, wala mfugaji anayekamua ng'ombe hawezi kushika gazeti. Lakini masikio yao yana nafasi. Na kwa kuwa majirani hawa wametoka mbali mbali, wakipelekeana mambo ya kusikiliza juu ya chakula, lugha na muziki, watapata njia njema ya kujuana.

Tuanze na chakula. Wamaasai hugandisha maziwa katika kibuyu, wakayaita kule naoto. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, mti wanaouita oloirien, na moshi wake huyatia maziwa ladha. Hayo yaweza kuandikwa kitabuni. Lakini kitabu hakitoi mlio wa maziwa yanaposukwa, jinsi unavyobadilika siagi inapoanza kujitenga. Mama mwenye ujuzi akieleza kwa sauti yake huku kazi ikiendelea, msikilizaji hupata kipimo kisichomo katika kijiko wala kikombe.

Pili ni lugha. Wakazi wengi hutaja majina ya Kimaasai kila siku pasipo kujua maana yake. Ongata Rongai ni uwanda mwembamba, na jina la Nairobi limetokana na maneno yenye maana ya maji baridi. Hata hivyo Kimaasai hakijifunzwi kwa karatasi peke yake. Katika lugha hiyo kitenzi hutangulia, na kupanda au kushuka kwa sauti katika jina ndiko kunakoonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi jambo hilo. Ajifunzaye bila kusikia aweza kujikuta akisema kwamba ng'ombe amemla simba!

Tatu ni muziki. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Wasichana wa huko walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Asili ya jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika huko. Wakipsigis walilitamka jina lake kwa namna yao, naye katika wimbo akawa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Hivyo sauti ya mgeni ilizaa wimbo mpya wa wenyeji. Lakini ilipita zaidi ya miaka 60 kabla nakala ya wimbo huo haijarudishwa Kapkatet, na hapo wengi wa walioishi siku zile walikuwa wamekwisha kufa.

Kutokana na hayo twapata mashauri machache. Kwanza, mpelekee rafiki yako jambo moja, si kumi, na umwambie kwa nini umemchagulia yeye. Kama neno lenye maana linaanza dakika ya 12, mtajie dakika hiyo. Kumrundikia mtu vipindi vingi ni sawa na kumpakulia sahani asiyoweza kuimaliza.

Pili, kumbuka gharama yake. Kipindi cha saa moja kilichonaswa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 29, na kwa kilobiti 128 huwa mara mbili yake. Mkikutana, mpe kwa Bluetooth, njia isiyokula data.

Tatu, ukitaka kunasa sauti ya mzee, mwombe ruhusa, nawe umpe nakala upesi akiwa hai, ajisikie yeye mwenyewe pamoja na wajukuu wake.

Mwisho, nawe uliyeletewa una wajibu. Sikiliza, kisha umjibu mwenzako: ni neno gani limekupendeza, na lipi hukubaliani nalo. Mfugaji aliyemfundisha karani maana ya jina la mahali anapokaa astahili kupata naye wimbo wa kwao karani, pamoja na maelezo yake. Zawadi ya kusikiliza haipungui kwa kugawanywa. Hupotea tu ikikaa kimya ndani ya simu ya mtu mmoja.