Ngozi hupona mapema, tumbo huchelewa

Mwanamke wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, akiambiwa kwamba uvimbe ulio kwenye kizazi chake utatolewa kwa kupasua tumbo, huanza kwa kuogopa kisu. Hofu hiyo naielewa. Hata hivyo, kazi ya kisu kwa kawaida huisha ndani ya saa moja hadi tatu, mikononi mwa watu waliosomea, naye akiwa hasikii maumivu. Sehemu ngumu, ambayo familia nyingi haziiandalii chochote, ni wiki sita zinazofuata: kisimani, shambani na jikoni. Huko ndiko nitakakokaa zaidi leo.

Kwanza tujue nani hupasuliwa. Wengi ni wenye mayoma, yaani uvimbe wa nyama ya kizazi usio saratani. Wengine wana uvimbe wa ovari, na wengine hutolewa kizazi chote kwa sababu ya kutokwa na damu kusikokoma au ugonjwa mwingine. Mayoma ni ya kawaida mno. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa nayo, na kwa weupe karibu asilimia 70. Kwa hiyo kuonekana mayoma kwenye ultrasaundi si hukumu ya kupasuliwa. Madogo yasiyosumbua huachwa na kufuatiliwa, na hedhi ikishakoma mengi husinyaa. Yanayopasuliwa ni yale yanayomwaga damu hadi mwanamke anaishiwa nguvu, yanayobana kibofu, yanayozuia mimba, au yaliyokua hadi tumbo likaonekana kama la mjamzito. Muulize daktari wazi: nisipopasuliwa, itakuwaje?

Kuna upasuaji mmoja usio na muda wa maswali. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasua mrija, damu humwagika tumboni. Mwanamke aliyekosa siku zake akishikwa na maumivu makali chini ya kitovu, akasikia kizunguzungu au kuzirai, wakati mwingine na maumivu ya bega, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Asisubiri mume arudi safari, wala asisubiri asubuhi.

Hospitali kubwa nchini zinaweza kufanya baadhi ya kazi hizi kwa matundu madogo na kamera. Katika ngazi ya wilaya, na kwa uvimbe mkubwa popote pale, kupasua tumbo ndiyo njia ya kawaida, na mgonjwa asijione amepewa huduma ya daraja la chini. Mkato mara nyingi hupita kwa upana juu kidogo ya kinena, kwa mtindo ulioelezwa na Mjerumani Hermann Johannes Pfannenstiel mwaka 1900. Uvimbe ukiwa mkubwa, au kukiwa na wasiwasi wa saratani, daktari hupasua kwa urefu kutoka chini ya kitovu, apate nafasi ya kuona. Kanda hii ya Afrika ina kumbukumbu yake ya kupasua tumbo: mwaka 1879, huko Kahura katika Uganda ya leo, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga wa Bunyoro akimtoa mtoto kwa kupasua tumbo la mama. Mganga alitumia pombe ya ndizi kumlevya mama na kuosha mikono yake na tumbo, kisha akafunga jeraha kwa pini za chuma. Mama alipona.

Sasa maandalizi. Jambo la kwanza ni damu. Mwanamke asiye mjamzito mwenye kipimo cha damu chini ya 12 ana upungufu, na mwenye mayoma yanayotoka damu kila mwezi anaweza kufika hospitali akiwa na saba au sita. Upasuaji wenyewe unapoteza damu. Kama si dharura, ni afadhali usubiri wiki kadhaa ukimeza vidonge vya madini ya chuma kuliko kuingia chumba cha upasuaji ukiwa mweupe viganjani. Vidonge hivyo usivimeze na chai, kwa maana chai huzuia madini yasifyonzwe. Acha pia kula udongo. Ndugu wawili watatu wajitolee damu mapema, wasingoje kuitwa usiku.

Jambo la pili ni wembe. Wanawake wengi hujinyoa sehemu za siri nyumbani ili wafike hospitali wakiwa safi. Msijinyoe. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na vijidudu huingilia hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri nywele ziachwe, au zikilazimika kuondolewa zipunguzwe kwa mashine. Oga kwa sabuni, inatosha.

Kuhusu kufunga kula, chakula kikomeshwe angalau saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla, isipokuwa umeelekezwa vingine. Uji ni chakula. Maziwa pia. Mama anayemletea binti yake kikombe cha uji alfajiri kwa huruma anaweza kusababisha upasuaji uahirishwe, au chakula kipande na kuingia kwenye mapafu akiwa ndani ya nusu kaputi. Dawa za kienyeji ulizokunywa zitaje zote bila aibu, maana baadhi huathiri kuganda kwa damu na presha.

Halafu fomu ya ridhaa. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayesaini kwa ajili ya mwili wake. Mume ashirikishwe, ni vema, lakini fomu ni ya mgonjwa. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, uliza mambo matatu. Mnatoa uvimbe tu au kizazi chote? Damu ikikataa kuzuilika, nikubali kizazi kitolewe kuokoa maisha yangu? Ovari zangu zinabaki? Swali hili la mwisho husahaulika sana. Aliyetolewa kizazi akaachiwa ovari hatapata hedhi wala mimba tena, lakini homoni zake zinaendelea. Aliyetolewa ovari zote kabla ya umri wa kukoma hedhi huingia kwenye ukomo kwa ghafla, na joto la ghafla, kukosa usingizi na mifupa kudhoofika. Huyo anahitaji kufuatiliwa na kutibiwa. Na wanaume waelewe: kutolewa kizazi hakumfanyi mke kuwa baridi kitandani, na wengi waliokuwa wakiumia na kutokwa damu hurudia raha yao.

Tarehe ipangwe kwa kalenda ya mkulima. Ukipasuliwa Desemba mvua zinapoanza, wiki sita zako zinaangukia kwenye kupanda na palizi, na utashika jembe tu. Baada ya mavuno, kuanzia Juni au Julai, kazi imepungua na njia ni kavu. Wakazi wa Gulwe wanajua mafuriko ya bonde lao: mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na haikuwa mara ya mwisho. Kama Hospitali ya Wilaya ya Mpwapwa imekupa rufaa kwenda Dodoma, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, treni ya SGR inayosimama Gulwe ni njia laini ya kumrudisha mtu mwenye mshono. Bodaboda kwenye makorongo siyo. Fedha nazo: huduma za ujauzito na uzazi zina msamaha kisera katika vituo vya serikali, lakini mayoma hayamo. Ulizia gharama na bima mapema, na ukishindwa kabisa muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulazwa.

Ukizinduka utakuta dripu mkononi na mpira wa mkojo. Mpira hutolewa mara nyingi siku inayofuata. Utaambiwa uamke utembee siku hiyohiyo au kesho yake, na ndugu watasema manesi hawana huruma. Kutembea huzuia damu kuganda miguuni na huamsha utumbo. Namna ya kuamka ina ufundi wake. Usijivute ukiwa chali. Kunja magoti, geuka ubavu, shusha miguu nje ya kitanda, kisha jisukume kwa mkono hadi ukae. Ukitaka kukohoa au kucheka, kandamiza khanga iliyokunjwa juu ya mshono.

Ndani ya siku saba hadi kumi ngozi huwa imeshikana. Nyuzi zinatolewa, jeraha ni kavu, majirani wanasema umepona. Hapo ndipo hatari ilipo. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna utando mgumu mweupe unaobeba kazi yote ya kuzuia matumbo yasisukume nje. Utando huo hupona polepole. Hata baada ya wiki sita huwa umerudisha karibu nusu tu ya nguvu zake. Ukiupa uzito mkubwa kabla ya hapo, unaweza kuachia kidogo kidogo, na miezi baadaye unaona uvimbe pembeni mwa kovu unaotokeza ukikohoa. Hiyo ni ngiri, na tiba yake ni kupasuliwa tena.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Kuichota, kuinama, kuinyanyua hadi kichwani ni kazi ya misuli ya tumbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa wiki sita usibebe kitu kizito kuliko birika la chai lililojaa. Usitwange, usikate kuni, usishike jembe, usimnyanyue mtoto anayetembea. Kaa chini, apande mwenyewe umpakate. Kabla ya kulazwa, kaeni kikao: maji atateka nani, mtama atausaga nani, mbuzi watachungwa na nani. Mama mkwe na mawifi wakigawana siku mbele ya mume, neno hilo hushika.

Nawaomba akina bibi jambo moja kwa heshima. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto msimfanyie aliyepasuliwa. Joto na msukumo huchuna mshono na kuufungua. Aoge maji ya kawaida, ajikaushe taratibu, asipake majivu wala dawa ya unga. Mlenda, papai na maji mengi vitamlainishia choo asijikamue. Tendo la ndoa lisubiri wiki sita hadi nane, hasa kwa aliyetolewa kizazi, kwa sababu kuna mshono mwingine juu ya uke.

Rudi hospitali bila kungoja kliniki ukipata homa, jeraha likitoa usaha au kunuka, tumbo likivimba huku unatapika na hewa haitoki, au damu nyingi ikitoka ukeni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikikata ghafla, damu inaweza kuwa imeganda na dakika zina thamani. Mkojo ukivuja wenyewe ukeni, hiyo inaweza kuwa fistula, inatibika, usiifiche.

Kilichotolewa hupelekwa maabara kuchunguzwa kama kina saratani. Majibu hayo yadai. Omba pia karatasi ya kuruhusiwa iandikwe wazi nini kimetolewa na nini kimebaki. Aliyebakiwa na mlango wa kizazi anaendelea kupimwa saratani yake kama wanawake wengine. Aliyetolewa mayoma na kuacha kizazi aulize asubiri muda gani kabla ya kushika mimba, na kama kisu kiliingia ndani kabisa ya kizazi. Kama kiliingia, uchungu unaweza kulipasua kovu, na mara nyingi daktari atashauri ajifungue kwa upasuaji. Mjamzito wa namna hiyo asingoje uchungu umkute Gulwe. Ahamie karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji wiki chache kabla, akiwa na karatasi hiyo mkononi.